Dakika tatu za kujua, saa nne za kuufungua mlango

Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 12 Desemba 2024, Wakenya wakisubiri kupambazuke washerehekee Jamhuri, ChatGPT ilianza kukwama. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa nane na dakika 16 usiku. San Francisco, yaliko makao makuu ya OpenAI, kampuni inayoimiliki ChatGPT, bado ilikuwa Jumatano alasiri. Haikukwama ChatGPT peke yake: API, yaani njia ya programu kuzungumza na programu, inayotumiwa na watengenezaji wa programu, pamoja na Sora, huduma ya kutengeneza video, zilikwenda nayo. Kila kitu kilirudi sawasawa saa kumi na mbili na dakika 38 asubuhi, jua limeshatoka huku kwetu. Jumla ni saa nne na dakika 22.

Hawakuwa wadukuzi, wala haikuwa bidhaa mpya iliyozinduliwa ikaharibika. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye, kwa uwazi ninaouheshimu, kwamba kilichoziangusha huduma zote ni programu ya kupima afya ya klasta zake za Kubernetes, yaani makundi ya mashine yanayoendeshwa kwa pamoja na programu iitwayo Kubernetes. Iliwekwa ili mifumo iwe imara zaidi.

Nimekirudia kisa hiki mara nyingi kwa sababu ya dakika tatu. Kengele za tahadhari ziliwafikia wahandisi saa nane na dakika 13, kabla wateja hawajahisi chochote. Ilipofika saa nane na dakika 16 chanzo kilikuwa kimeshajulikana. Walijua ni programu ipi, wakajua dawa yake ni kuifuta, na kufuta programu kwenye Kubernetes ni amri moja. Hata hivyo klasta ya kwanza ilipona saa tisa na dakika 36, yaani dakika 80 baadaye, na ya mwisho ilingoja asubuhi. Watu wanaojua ugonjwa na walio na dawa mkononi walishindwa kumfikia mgonjwa. Nataka kueleza kwa nini, maana klasta nyingi tunazozitunza sisi zimejengwa vilevile.

Karani mmoja, dirisha moja

Fikiria bohari kubwa ya bandarini. Wako wachukuzi: hao ndio nodi, mashine zinazobeba kontena (programu zilizofungashwa, si makasha ya meli) na kumhudumia mteja. Na iko ofisi, ambayo hapa nitaiita tabaka la udhibiti. Ofisi haibebi gunia hata moja. Kazi yake ni kujua kipi kiko wapi, kipi kinatakiwa kuwa wapi, na kuhakikisha tofauti kati ya hayo mawili inazibwa.

Ndani ya ofisi mna daftari, karani na wasimamizi. Daftari ni etcd, hifadhidata inayotunza hali yote ya klasta. Kwa kawaida huwa na nakala tatu au tano kwenye mashine tofauti, na hakuna kinachohesabika kimeandikwa mpaka zaidi ya nusu ya nakala hizo zikubaliane. Karani ni seva ya API ya Kubernetes yenyewe, si ile API ya wateja. Wasimamizi wakuu ni wawili: skejula, anayeamua podi mpya, yaani kifurushi cha kontena moja au zaidi, ikae kwenye nodi ipi, na meneja wa kontrola, anayezunguka bila kupumzika akilinganisha kilichoagizwa na kilichopo. Uliagiza nakala kumi za programu, ziko tisa, basi anaagiza ya kumi.

Lakini anamwagiza nani? Karani. Karani peke yake ndiye anayeligusa daftari. Skejula na meneja wa kontrola hawaongei wao kwa wao. Kila mmoja anasoma na kuandika kupitia dirisha la karani. Kila nodi ina wakala wake, kubelet, naye hupita hapohapo akiripoti kila sekunde 10 kwamba nodi yake ingali hai. Mhandisi anayeandika amri ya kubectl kwenye kompyuta yake naye amepanga foleni kwenye dirisha lilelile. Mlango wa nyuma haupo.

Mpangilio huu ni mzuri, na ndio ulioifanya Kubernetes ieleweke. Ruhusa zinakaguliwa mahali pamoja, mabadiliko yanaandikwa mahali pamoja, na msimamizi mmoja akifa mwingine anaendelea alipoachia kwa sababu hali yote iko daftarini. Gharama yake ni kwamba anayeleta mzigo na anayekuja kuuondoa wanakutana kwenye foleni moja.

Je, karani akizimia, wachukuzi nao wanasimama? Hapana, na unaweza kujionea mwenyewe. Chukua klasta ya majaribio iliyojengwa kwa kubeadm, zana ya kujengea klasta, hamisha faili ya seva ya API kutoka kwenye folda ya /etc/kubernetes/manifests, kisha ngoja kidogo. Amri za kubectl zitakataa. Tovuti uliyoiweka ndani ya klasta itaendelea kufunguka, kwa sababu kube-proxy imeshaandika njia za mtandao kwenye kila nodi na njia hizo hazifutiki kwa kuwa karani hayupo. Kontena ikianguka, kubelet ataiwasha tena palepale bila kumuuliza mtu. Nilipolifanya jaribio hili mara ya kwanza niliitazama ile tovuti ikijibu kwa zaidi ya saa nzima, nikaondoka na imani kwamba ofisi ikifungwa kazi inaendelea. Nilikuwa nimeelewa nusu. Nusu ya pili ndiyo iliyowapata OpenAI, nami nitaifikia.

Hesabu iliyojizidisha

Wakati huo kampuni ilikuwa na mamia ya klasta duniani. Programu mpya ya telemetria ilikusudiwa kukusanya vipimo vya kina vya tabaka la udhibiti. Tarehe 10 Desemba iliwekwa kwenye klasta ya majaribio na haikuonyesha tatizo lolote. Siku iliyofuata kwa kalenda ya San Francisco, yaani saa saba na dakika 23 za usiku ule wa kuamkia tarehe 12 kwa saa zetu, badiliko likapitishwa, na kati ya saa saba na dakika 51 na saa nane na dakika 20 likasambazwa kwenye klasta zote.

Usanidi wake ulifanya kila nodi iipelekee seva ya API maombi mazito ambayo uzito wake ulikua kadiri klasta inavyokua. Sentensi hiyo ndiyo kisa chenyewe, kwa hiyo tuipigie hesabu. Namba ni za mfano wangu, si zao. Klasta ina nodi 100, na kila nodi inamwomba karani orodha yenye mistari 100. Karani ataandika mistari 10,000, na ataimaliza kabla hujamaliza kupepesa jicho. Sasa klasta iwe na nodi 5,000, kiwango ambacho Kubernetes yenyewe inatamka kwamba inakihimili. Kila nodi inaomba orodha, na orodha sasa ina mistari 5,000. Jumla ni mistari 25,000,000. Nodi zimeongezeka mara 50. Kazi ya karani imeongezeka mara 2,500.

Ombi la orodha, kwa waliowahi kuangalia RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, ikipanda kwenye seva ya API, ni katika maombi ghali kuliko yote. Karani husoma data, huichambua, kisha huiandika upya kwa kila aliyeuliza, na muda wote huo furushi lote limekaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Maelfu ya wachukuzi wamefika dirishani kwa pamoja na kila mmoja anasema: ninakilie daftari lote, sasa hivi. Karani ameelemewa, na nyuma yao, mwisho wa foleni, amesimama mhandisi mwenye ile amri moja ya kufuta.

Klasta ndogo ya majaribio isingeweza kulionyesha jambo hili hata ingeachwa mwezi mzima. Kabla ya usambazaji wahandisi walikagua matumizi ya CPU na RAM katika klasta zote, na walirekebisha mgao kwa kila klasta ili programu mpya isizinyang'anye programu nyingine nafasi. Huo ni uangalifu, na wengi wetu hatuufikii. Walichoshindwa kukipima ni mzigo ambao programu hiyo ingeupeleka kwa seva ya API. Walipima mchukuzi mpya atakula kiasi gani, wasipime atamuuliza karani mara ngapi.

Maandishi ya nyumbani

Kuna jambo hapa linaloniumiza kidogo, maana nimeliona likitokea katika ofisi ndogo zaidi. Mwezi Januari 2018, OpenAI walichapisha maelezo ya jinsi walivyofikisha klasta moja nodi 2,500. Waliandika kwamba baada ya kuvuka nodi 1,000 walikuta seva za API zikisoma kutoka etcd zaidi ya MB 500 kwa sekunde. Walipochimba kwenye kumbukumbu za ukaguzi, yaani rekodi za maombi yaliyofika kwa seva, wakakuta kwamba Fluentd na Datadog, programu za kukusanya rekodi na vipimo, kwa usanidi wake wa kawaida zilikuwa zikiiuliza seva ya API kutoka kila nodi. Wakapunguza kasi ya kuuliza, hali ikatulia.

Januari 2021 wakaandika tena, safari hii klasta imefika nodi 7,500. Seva zao za API zilikuwa zikila hadi GB 70 za RAM kila moja. Na wakatoa ushauri ulio wazi kabisa: wanayachunga sana maombi yanayokua kadiri klasta inavyokua, wanaepuka programu zinazokaa kwenye kila nodi zisiongee na seva ya API, na pale inapobidi kila nodi ifuatilie mabadiliko, ni vizuri kuweka mtu wa kati mwenye kache, yaani hifadhi ya muda ya majibu, aulize yeye mara moja kwa niaba ya wote.

Kwa hiyo ugonjwa wa Desemba 2024 ulikuwa umeshaandikwa mara mbili, na kampuni hiyohiyo, mara zote mbili ukihusu programu za kupima na kufuatilia. Sitaki mtu asome hapa kwamba wahandisi wale walikuwa wazembe. Nasema kwamba makala, hata iwe nzuri namna gani, haisimami njiani kulizuia badiliko. Badiliko hupita kwenye mtambo wa usambazaji, na mtambo hausomi makala. Kama ushauri wa 2021 ungekuwa kanuni ndani ya mtambo huo, mathalani kwamba programu yoyote ya kila nodi inayoomba ruhusa ya kuorodhesha podi za klasta nzima inakwama mpaka mtu wa timu ya klasta aipitishe kwa mkono, usiku ule ungekuwa usiku wa kawaida. Hilo ndilo ninaloliamini zaidi katika kisa hiki chote.

Dakika ishirini za uongo wa DNS

Sasa ile nusu ya pili. Tovuti yangu ya majaribio iliendelea kujibu kwa sababu haikuwa na haja ya kumtafuta mtu. Mfumo wa kweli una mamia ya huduma ndogo zinazoitana kwa majina: huduma ya malipo inaitafuta ya akaunti, ya akaunti inaitafuta hifadhidata. Jina hugeuzwa kuwa anwani na DNS ya ndani ya klasta, na DNS hiyo huzijua anwani kwa kumsikiliza karani. Ina maana wachukuzi wanaweza kubeba bila ofisi, ila hawawezi kutafutana bila ofisi.

Mifumo ya OpenAI ilikuwa na kache za DNS. Karani alipozimia, kache ziliendelea kutoa majibu ya zamani, na kwa kuwa anwani nyingi zilikuwa hazijabadilika, majibu hayo yalifanya kazi. Majibu yaliyohifadhiwa yalikwisha muda wake taratibu, ndani ya dakika kama 20. Tazama hilo lilimaanisha nini kwa usambazaji uliokuwa ukiendelea. Ukaguzi uliowekwa ulitazama afya ya huduma, haukutazama vya kutosha afya ya klasta. Huduma zilikuwa zikijibu. Kwa hiyo klasta iliyokwisha kupooza ilihesabiwa nzima, na programu ikasonga kwenye klasta inayofuata.

Kache zikaisha. Saa nane na dakika 40 hali ilifika ubaya wake wa juu kabisa. Na kache tupu ni msumari wa moto juu ya kidonda: maswali yote yaliyokuwa yakijibiwa na kache sasa yakamiminika kwenye seva za DNS kwa mkupuo, nazo zikaongeza mzigo kwa karani yuleyule aliyelala chini.

Kwa miaka mingi nimeisifu kache ya DNS kwenye nodi, na bado ninaiweka kila ninapojenga klasta. Tangu nisome kisa hiki nimeacha kuihesabu kama kinga tu. Inakununulia muda, lakini inakununulia ukiwa umefumbwa macho.

Kuuvunja mlango bila kuibomoa nyumba

Kuanzia saa nane na dakika 27 walianza kuelekeza maombi ya wateja mbali na klasta zilizoumia. Wakati huohuo walishambulia tatizo kwa njia tatu, na kila moja inafaa kuangaliwa na ile hesabu ya mistari.

Njia ya kwanza ilikuwa kupunguza ukubwa wa klasta. Mtu akisikia anaweza kushangaa: huduma zimeanguka, nawe unazima mashine? Lakini mzigo hapa ni nodi mara nodi. Ukiondoa nusu ya nodi, idadi ya wanaouliza inapungua nusu na urefu wa orodha unapungua nusu, hivyo mzigo unashuka hadi robo.

Ya pili ilikuwa kuongeza nguvu na idadi ya seva za API. Ni msaada wa kweli, ila ni wa mstari mmoja: karani mara mbili, kazi mara mbili, ilhali nyuma yao daftari ni lilelile. Dhidi ya mzigo unaojizidisha, njia hii peke yake isingefika mbali.

Ya tatu ndiyo niipendayo: kuzuia kwenye mtandao wenyewe njia ya kufikia API za usimamizi. Maombi mapya mazito yakakatwa kabla hayajamfikia karani, naye akapata nafasi ya kuvuta pumzi. Huenda msomaji anayeijua Kubernetes akauliza, si ina utaratibu wake wa kupanga foleni kwa vipaumbele? Upo, umewashwa kwa kawaida tangu toleo la 1.20, na watumiaji wa kundi la system:masters hupita bila kupangwa foleni. Lakini utaratibu huo unatekelezwa na karani mwenyewe. Mashine ikiishiwa RAM na programu ikauawa na mfumo wa uendeshaji, hakuna aliyebaki wa kupanga foleni. Kizuizi cha mtandao kinasimama nje ya mlango, na hakihitaji karani awe macho.

Njia hizo kwa pamoja ziliwarudishia udhibiti kwenye baadhi ya klasta. Wakaifuta ile programu, na nafuu ikaonekana papo hapo. ChatGPT ilianza kurudi kwa kiasi kikubwa saa kumi na dakika 45 alfajiri. Baadhi ya klasta zilichelewa kwa sababu nyingine kabisa: huduma nyingi zilipoamka kwa wakati mmoja zilianza kupakua kila zinachohitaji kwa wakati mmoja, zikagonga ukomo wa rasilimali, na watu wakalazimika kuziinua kwa mkono moja moja.

Baadaye kampuni iliahidi usambazaji wa hatua kwa hatua ulio makini zaidi, majaribio ya kuharibu kwa makusudi, njia ya dharura ya kuifikia seva ya API hata ikiwa imeelemewa, na kuitenganisha kazi ya kuhudumia wateja na tabaka la udhibiti. Mimi ningeanza na hiyo ya mwisho. Njia ya dharura inakusaidia kutoka shimoni. Huduma zinazoweza kutafutana bila karani hazikutumbukizi humo.

Upande wa programu za kila nodi, kuna mtego mmoja niliouona kwa macho yangu. Wengi hudhani wakiandika ombi linalochuja kwa jina la nodi, yaani nipe podi zangu tu, wamemaliza. Katika matoleo ya zamani, ombi kama hilo likitumwa bila kutaja toleo la rasilimali (namba inayosema data iwe mpya kiasi gani), karani alisoma podi zote kutoka etcd, kisha akachuja, akakukabidhi kumi zako. Jibu dogo, kazi ileile. Ukitaja toleo la rasilimali kuwa 0 unajibiwa kutoka kwenye kache ya karani. Kuanzia toleo la 1.31 la Kubernetes, la Agosti 2024, hata maombi yanayotaka data mpya kabisa yanaweza kujibiwa kutoka kwenye kache hiyo. Klasta ambazo bado ziko nyuma ya hapo zingali na mtego huo.

Baada ya kukisoma kisa hiki niliwaomba wenzangu tuandike kizuizi chetu cha mtandao mapema: kanuni ya firewall inayokata kila anayeelekea kwenye seva ya API isipokuwa mashine moja ya dharura. Tulikijaribu kwenye klasta ya mazoezi, seva ya API ikiwa imeelemezwa makusudi. Kizuizi kilifanya kazi, mzigo ukashuka, na ile mashine ya dharura ikashindwa kuingia. Ilikuwa ikiitafuta seva ya API kwa jina, na jina hilo lilikuwa likitatuliwa na DNS ya ndani ya klasta ileile. Siku hizi ina anwani ya namba kwenye usanidi wake, na tunalirudia jaribio hilo kila baada ya miezi mitatu.